Fimbo za gofu zilizokunywa tangi la mama

Msomaji mpendwa, leo nina jambo la kuungama. Mnamo Agosti 2023 nilichukua pesa za tangi la maji la mama yangu mzazi nikanunua fimbo tatu za gofu. Naam, umesoma vyema. Gofu, ule mchezo ambao wengi wetu huuona kwa sekunde chache kwenye televisheni tunapotafuta idhaa ya kandanda.

Kabla hujanihukumu, nisikilize kwanza. Huenda nawe una kitu ulichokinunua kwa sababu ya jina lake, na sasa kiko chini ya kitanda kinakucheka. Changu kilikaa kwenye buti ya gari.

Mambo yalianza kazini. Mhariri wangu alinituma kuandika kuhusu mashindano ya gofu ya kuchangisha pesa za hisani. Nilienda shingo upande. Mimi ni mtoto wa Makindu, kaunti ya Makueni, na kwetu fimbo ni ya kuchungia mbuzi. Lakini adhuhuri, mama mmoja wa makamo alinikabidhi pata, ile fimbo fupi ya kusukumia mpira shimoni, akaniambia nijaribu. Nikausukuma mpira. Ukatambaa polepole, ukasita ukingoni, kisha ukatumbukia. Ile sauti ya mpira kugonga chini ya shimo ilinikaa masikioni hadi nyumbani.

Baada ya miezi minane nilikuwa na mfuko wa fimbo za mitumba na ugonjwa usio na dawa.

Mtu asiyecheza gofu hudhani kazi kubwa ni kuupiga mpira mbali. Sivyo. Chukua kiwanja cha mashimo 18 chenye kipimo cha mapigo 72. Katika hesabu hiyo, kila shimo limetengewa mapigo mawili ya kusukuma mpira ukiwa tayari umefika kwenye nyasi fupi zinazolizunguka shimo. Mapigo hayo ni 36, yaani nusu ya mchezo mzima. Ongeza yale mapigo madogo ya kuuinua mpira kutoka hatua thelathini au arobaini, au kuutoa kwenye shimo la mchanga wachezaji waliloliita banka, na utaona kwamba mchezo huamuliwa karibu na shimo. Huko nguvu hazisaidii. Kinachosaidia ni mkono unaohisi.

Na mkono wangu haukuhisi lolote. Nikiwa hatua thelathini kutoka shimoni, mara nilichimba udongo mpira ukabaki pale pale, mara niliugonga kichwani ukapaa hadi upande wa pili. Nikaamua tatizo ni fimbo. Nilihitaji weji mpya.

Weji, kwa asiyejua, ni zile fimbo za chuma ambazo uso wake umelala sana ili kuurusha mpira juu na kuutua taratibu. Mlalo huo hupimwa kwa nyuzi. Weji ya kawaida ya mchanga huwa na nyuzi 54 hadi 58. Ile inayolala zaidi, ya kuupandisha mpira wima, hufika nyuzi 60.

Mwezi huo zamu ya chama ilikuwa yangu. Sisi ni wanawake kumi, kila mmoja hutoa Sh6,000 kwa mwezi, na anayefikiwa na zamu hubeba Sh60,000. Nilikuwa nimemwahidi mama kwamba zangu zitakuwa tangi la lita 5,000 pamoja na mifereji ya kukusanya maji ya paa. Hebu fikiria maana ya tangi hilo Makindu. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana katika sehemu nyingi kame za Kenya. Mama alinunua maji kwa mtungi, na siku ambazo punda wa muuza maji hakupita, aliyafuata mwenyewe. Tangi la lita 5,000 ni mitungi 250 ya lita 20. Ni safari 250 za mgongo wa mama.

Nilijua hayo yote. Tena wakati huo wataalamu wa hali ya hewa walikuwa wakitangaza kwamba mvua za El Niño ziko njiani. Hata hivyo niliingia dukani.

Muuzaji alikuwa na ulimi wa asali. Aliniambia fimbo zile ndizo zinazotumiwa na mabingwa wa dunia, zina uzito wa kutuliza mkono, zina soli pana isiyochimba. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nilizishika kidogo nikiwa nimesimama juu ya zulia, nikazitikisa kama niliyemwona mtu akifanya hivyo, nikalipa Sh54,000. Tatu: nyuzi 52, nyuzi 56 na nyuzi 60. Sikupiga hata mpira mmoja.

Mama nilimwambia chama kimechelewa.

Mvua ilikuja Novemba. Nilikuwa nyumbani wikendi hiyo. Ilinyesha juu ya mabati tukashindwa kusikilizana. Mama alitoka na ndoo, sufuria, beseni, hata lile karai la kuchanganyia saruji, akavipanga chini ya paa. Vikajaa vyote kwa muda wa kuhesabika. Yaliyobaki tuliyatazama yakipita uani, mekundu kama chai ya maziwa, yakielekea barabarani. Paa la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 100 hukusanya lita 5,000, mradi hakuna kinachomwagika. Usiku ule na siku chache zilizofuata zingetosha kulijaza tangi. Mama hakuniuliza kitu. Alisema tu, "Mungu ametoa, sisi ndio hatuna chombo."

Fimbo zilikuwa ndani ya gari, hatua kumi kutoka tulipokaa.

Ningevumilia aibu hiyo kama angalau mchezo ungekuwa umeboreka. Ulizidi kuwa mbaya. Nilipojaribu kuuinua mpira kwenye ardhi kavu, soli ile pana iligonga chini ikaruka, na ukingo wa fimbo ukaupiga mpira tumboni. Viganja vilikufa ganzi. Nilianza kuamini kwamba mimi ndiye mbovu.

Krismasi ya mwaka huo nilimpeleka mama kwao Kitui. Kutoka Makindu tulishuka hadi Kibwezi, tukashika barabara ya lami inayovuka mto Athi na kupitia Ikutha na Mutomo hadi mjini Kitui. Kaka yake, mjomba wangu, anaishi si mbali na mto Tiva. Huyu mjomba ndiye niliyepaswa kumwona kabla ya kuona duka.

Mjomba alikuwa kedi jijini Nairobi akiwa kijana, yaani mbebaji wa mifuko ya wachezaji. Alikuwepo mwaka wa 1978 Mhispania Seve Ballesteros aliposhinda mashindano ya Kenya Open. Tangu utotoni nimekuwa nikisikia hadithi hiyo. Ballesteros, ambaye aliaga dunia mwaka wa 2011, alijifunza gofu kwa fimbo moja tu kuukuu, chuma nambari tatu, akipiga mpira ufuoni mwa bahari karibu na kijiji chao cha Pedreña. Chuma nambari tatu uso wake umesimama karibu wima, haukutengenezewa mchanga kamwe. Lakini kwa kuwa hakuwa na nyingine, mtoto yule aliufundisha mkono wake kuifanyia fimbo hiyo kila kazi. Mjomba husema wakati wa kumtazama Ballesteros karibu na shimo, makedi walisahau mifuko waliyobeba.

Alipoacha ukedi, mjomba alirudi Kitui akawa mchongaji vinyago. Uchongaji huo wa biashara una historia yake Ukambani. Mzee Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyekuwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ndiye anayetajwa kuuleta alipotoka Tanganyika, na kutoka kwake ukaenea. Kwa zaidi ya miaka thelathini mjomba aliishi kwa tezo. Kisha, mwaka wa 2021, akapatwa na kiharusi. Anatembea, anaongea vizuri, lakini mkono wa kulia hauna hisia. Anaweza kushika kikombe na asijue kama amekishika hadi akitazame.

Nilimwonyesha fimbo zangu nikitarajia pongezi. Aliichukua ile ya nyuzi 56 kwa mkono wa kushoto, akafumba macho, akaipima juu na chini.

"Umenunua kwa pesa ngapi?"

Nikamwambia. Mama alikuwa jikoni na mke wa mjomba.

"Na hizo pesa zilikuwa za nini?"

Wazee hawa, msomaji, sijui hujuaje. Nilimweleza yote kwa sauti ya chini. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mpwa wangu, hilo la tangi utalimaliza wewe na dada yangu. Hili la fimbo twende nikuonyeshe."

Alitwaa gunia lililokuwa nyuma ya mlango, tukaenda kwanza kwenye uwanja wa shule ya msingi ya jirani. Unazijua viwanja vyetu: udongo umekanyagwa na miguu ya watoto ukawa kama sakafu, nyasi ni chache kama nywele za mzee. Akaniambia nipige kwa weji yangu. Ikaruka, mpira ukaenda kasi chini chini. Halafu tukashuka mtoni. Maji yalikuwa yamepungua na kando kulikuwa na mchanga laini. Akaniambia nipige kwa fimbo ile ile. Mpira ukatoka taratibu, ukatua kama njiwa. Nikabaki mdomo wazi.

"Fimbo si mbaya," akasema. "Umeipeleka shamba lisilo lake."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo muuzaji hakuniambia. Ukiigeuza weji, utaona soli yake ina kitumbo kinachoshuka chini kuliko ukingo wa mbele. Wachezaji hukiita baunsi, nacho pia hupimwa kwa nyuzi. Kitumbo kikubwa, cha nyuzi 10 hadi 14, huizuia fimbo isizame kwenye mchanga laini au nyasi nene zenye unyevu. Mmarekani Gene Sarazen alitumia wazo hilo kwenye fimbo yake ya mchanga aliposhinda British Open mwaka wa 1932. Lakini kwenye ardhi ngumu kitumbo hicho hicho hugonga na kuruka. Huko unahitaji kitumbo kidogo, nyuzi 4 hadi 8, ili ukingo upite chini ya mpira. Mimi, mtu wa ardhi kavu, nilikuwa nimeuziwa fimbo zenye vitumbo vikubwa.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mjomba hakubaliani nao. "Mvivu ndiye huchagua jembe asilime," aliniambia. "Mkulima huchagua ili alime. Hapa Kitui nani huchimba udongo mgumu kwa jembe bapa wakati ana jembe la meno?"

La pili lilikuwa uzito na urefu. Fimbo zangu zilikuwa za kiume, zenye mpini wa chuma. Fimbo za wanawake kwa kawaida huwa fupi kwa takriban inchi moja, na mipini yake huwa myepesi. Hakuna sheria kwamba mwanamke lazima atumie za kike. Wapo wanawake warefu wenye nguvu na wapo wanaume wafupi. Ila fimbo ndefu kuliko mwili wako hukulazimisha usimame mbali na mpira au uinue mikono, na nzito kupita kiasi hukuchosha ukaanza kuikaba. Mkono unaokaba hausikii.

La tatu ni kishikio, ule mpira unaozunguka mpini. Kikiwa kinene kuliko kiganja, kifundo cha mkono hakichezi. Kikiwa kimekauka na kuteleza, utakikamua bila kujua. Mjomba alitoa kwenye gunia lake weji moja ya zamani, uso umechakaa, soli nyembamba kama kisu. Alikuwa ameikata mpini ikawa fupi na kuizungushia utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Akanipa. Nilipoishika nilisahau kwamba nimeshika kitu. Tukarudi uwanjani. Mpira wa kwanza ukainuka, ukatua, ukabingirika hatua tatu. Wa pili vivyo hivyo. Nilihisi mpira ukiuacha uso wa fimbo, na hisia hiyo ikapanda hadi kwenye kiwiko.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia, mjomba."

"Basi niambie ilikuwaje."

Nilidhani ananipima. Kisha nikamtazama, nikaona anauliza kwa kutaka kujua. Ameketi juu ya jiwe, mkono wa kulia umelala pajani. Nikamweleza kadiri nilivyoweza: ni kama kukata papai lililoiva, hakuna mtetemo, unajua mpira utaangukia wapi kabla hujainua macho. Alitikisa kichwa taratibu. "Ndivyo," akasema. "Nilipokuwa na mkono huu sikujua kwamba ni mali."

Msomaji, nilirudi Nairobi na gunia lile. Fimbo mbili kati ya tatu niliziuza kwa mchezaji wa kiwanja chenye nyasi nene na mabanka ya mchanga laini, na hadi leo anazisifu. Nilipata Sh29,000, yaani hasara isiyofichika. Nilijazia kwa mshahara wa Januari, na Februari 2024 tangi likafika Makindu juu ya pikipu, jeusi, kubwa, mama akilizunguka kama anayekagua ng'ombe wa mahari. Ndipo nikamweleza ukweli. Aliniuliza kama mchezo huo una faida yoyote. Nikasema hauna. Akasema, "Angalau hukunidanganya mara mbili." Mvua za masika za mwaka huo, zile zilizoleta mafuriko sehemu nyingi za nchi, zililikuta tangi limesimama na mifereji yake mahali pake.

Sasa, iwapo nawe umeumwa na mdudu huyu wa gofu, haya ndiyo niliyoyanunua kwa bei ghali. Nakupa bure.

Kwanza, tazama ardhi unayochezea kabla ya kutazama jina la fimbo. Sisi wa Ukambani, ambao kiwanja kilicho karibu ni cha Machakos Golf Club, tunajua kiangazi kinavyoifanya ardhi. Ukicheza mara nyingi kwenye ardhi ngumu, uliza kitumbo kidogo. Ukicheza kwenye unyevu na mchanga laini, chukua kikubwa. Ukiwa na weji mbili, moja iwe ya huku na nyingine ya kule.

Pili, usilipe kabla hujapiga mpira kwa fimbo hiyo juu ya udongo au nyasi. Zulia la duka husamehe kila kosa. Muuzaji akikataa ujaribu, mwache na fimbo zake.

Tatu, kwa pata, simama kama unavyocheza, mikono ining'inie yenyewe. Fimbo ifike ilipo mikono, si mikono kufuata fimbo. Kisha ulaze mpini wake juu ya kidole kimoja hadi usawazike. Uso wa pata ukitazama juu mbinguni, pata hiyo humfaa anayesukuma mpira kwa mstari ulionyooka. Ncha yake ikining'inia chini, humfaa ambaye mkono wake huchora upinde.

Nne, usisahau mpira wenyewe. Mpira wenye ngozi laini na mwenye ngozi ngumu husikika tofauti hata kwa fimbo moja, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita hisia ya mkono huingilia masikioni. Chagua aina moja ya bei unayoiweza, ushikamane nayo. Anayebadilisha mpira kila juma haupi mkono nafasi ya kukariri.

Tano, kabla ya kununua fimbo mpya, osha vishikio vya zile ulizo nazo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Vikiwa vimekauka, vibadilishe. Mara nyingi tiba ni hiyo tu, na haifiki bei ya tangi. Sheria inakuruhusu fimbo 14 mfukoni, lakini haikulazimishi kuzijaza.

Na sita, hili halimo kwenye vitabu vya gofu. Jiulize pesa zilizo mkononi mwako ziliahidiwa nani.

Siku hizi nikienda Kitui, mimi na mjomba hushuka mtoni jioni. Mimi hupiga, yeye huketi juu ya jiwe na kusikiliza. Hahitaji tena kuutazama mpira ulikokwenda. Husikia mlio, akasema, "Huo umekaba," au, "Huo sasa." Kisha huniuliza ulikuwaje mkononi, nami humsimulia bila kuacha kitu. Weji ile ya tyubu bado ni yake. Mimi naiazima tu.